Maswali yanayoulizwa sana: kutengeneza apu ya msamiati wa lugha ya kigeni ukiwa Mtwara au Lindi

Haya ndo maswali ambayo watu wa huku kusini wanauliza sana wakitaka kutengeneza apu ya simu ya kujifunzia maneno ya lugha ya kigeni. Mifano mingi nimeweka ya Kireno kwasababu sisi Msumbiji ni hapo mlangoni, ila kama yako ni ya Kiingereza, Kifaransa au Kichina mambo ni yaleyale. Sio lazima uanze juu, nenda kwenye swali lako.

Apu za lugha ziko kibao, kwanini mtu atengeneze nyingine?

Ziko kibao kweli, ila angalia zimetengenezewa nani. Nyingi zinakufundisha Kireno kwa kupitia Kiingereza, sasa mtu wa Nanyamba ambaye hicho Kiingereza chenyewe bado anakitafuta umembebesha mizigo miwili kwa mpigo. Kireno cha apu ya Duolingo ni cha Brazil, sio cha Msumbiji. Anki, apu ya kadi (neno upande mmoja, maana upande wa pili) ambayo Damien Elmes aliitoa 2006, ni nzuri sana na kwenye Android ni bure, mtu mwenye subira namwambia atumie hiyohiyo asihangaike, lakini mpe fundi wa bodaboda simu yenye Anki umwambie ajitengenezee kadi zake mwenyewe halafu uone kama kesho ataifungua. Nafasi yako iko hapo: apu inayoanzia kwenye Kiswahili, yenye maneno ya shughuli ya mtu, inayokubali simu ya bei ndogo na isiyodai bando. Ukitaka kufundisha lugha kumi kwa dunia nzima utashindana na makampuni yenye mainjinia mamia, achana nayo.

Kwani majirani wa ng'ambo ya Ruvuma si wanaongea Kimakonde na Kiswahili? Kireno cha nini?

Pwani ya Palma mpaka Mocímboa da Praia Kiswahili utakisikia, kuna na Kimwani ambacho ukitega sikio unaokota maneno, na Kimakonde kipo pande zote mbili za mto. Sokoni mtaelewana tu. Kasheshe inaanza kwenye karatasi. Kireno ndo lugha rasmi ya Msumbiji toka uhuru wa 1975, kwahiyo forodha, hospitali, polisi, fomu, risiti, vyote Kireno. Na ukivuka daraja la Umoja pale Mtambaswala ukaendelea kushuka kuelekea Nampula, Kimakonde kinaishia njiani unaingia kwenye Kimakua (hapo mtu wa Masasi anayekijua atapeta, wengine tutabaki tunatoa macho).

Nianze na maneno mangapi? Nataka niweke elfu tano ili apu ionekane nzito.

Anza na 300. Sio utani.

Lugha zote ziko hivi: maneno machache yanarudi rudi kila saa, mengine yote yanatokea mara mojamoja. Paul Nation, profesa wa New Zealand aliyeandika sana kuhusu kujifunza msamiati, ameonyesha kwamba familia 2,000 za mwanzo za maneno ya Kiingereza (familia ni neno pamoja na maumbo yake) zinabeba kama 80% ya maandishi ya kawaida. Kwahiyo maneno elfu tano ukiyamwaga bila mpangilio, mtumiaji anaweza kukaa mwezi mzima anasoma majina ya wanyama wa msituni na bado hawezi kuuliza choo kiko wapi.

Tatizo la pili ni kwamba orodha za maneno yanayotumika sana zinatengenezwa kutokana na magazeti, vitabu na maandishi ya filamu. Zinaweza kukupa "rais" na "serikali" mapema halafu "ndoo" ikaja huko mbele sana, wakati mama anayevuka kwenda kuuza ndoo za plastiki hiyo ndo neno lake la kwanza kabla hata ya salamu. Dawa ni kuchanganya. Chukua maneno madogo madogo yanayotumika kila mahali kama eu (mimi), não (hapana), quero (nataka), tenho (ninacho), onde (wapi), quanto (kiasi gani), hayo kama 100 hivi. Halafu 200 yaliyobaki yatoe kwa mtu mwenyewe: kaa nae asubuhi moja kwenye biashara yake na daftari, andika kila kitu anachotaja kwa Kiswahili, vitu, bei, malalamiko, utani, kisha ndo utafute Kireno chake.

Mimi niko Kilwa Masoko, natembeza wageni Kilwa Kisiwani, Kireno sihitaji. Hiyo njia inanihusu?

Inakuhusu sana, pengine kuliko wengine, kwasababu wewe maneno yako tayari unayo mdomoni. Jirekodi ukiwa unawatembeza wageni kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, msikiti mkuu, Husuni Kubwa, gereza, mahandaki ya maji, mawe ya matumbawe, biashara ya dhahabu ya Sofala, jahazi, maji kupwa na kujaa. Hayo ndo maneno yako, geuza kuwa kadi. Orodha ya Kiingereza ya watalii utakayoidaunilodi itakufundisha "kiwanja cha ndege" na "hoteli ya nyota tano", mgeni wako ameshashuka huko zamani, sasa hivi yupo kwenye boti na wewe.

Niyapange kwa makundi? Siku ya kwanza rangi, siku ya pili matunda, siku ya tatu viungo vya mwili?

Inapendeza kwenye menyu lakini kichwani inavuruga. Mtafiti Thomas Tinkham mwaka 1993 alionyesha kwamba maneno mapya ya aina moja yakifundishwa kwa pamoja yanashikika kwa shida kuliko maneno yasiyofanana, yaani yanakanyagana. Mtu akijifunza nyekundu, kijani, bluu, njano kwa mkupuo mmoja atayajua yote kama rangi ila hatojua ipi ni ipi. Vinyume nao hivyohivyo, ghali na rahisi usiwaweke siku moja.

Panga kwa tukio. Tukio la kununua samaki lina peixe (samaki), quero, fresco (mbichi), quanto, saco (mfuko), caro (ghali). Hayafanani lakini yanakaa pamoja, na mtu anaweza kuyatumia jioni hiyohiyo.

Kadi moja iwe na nini ndani?

Hapa watu wanapita haraka na ndo apu nyingi zinapoharibikia.

Upande wa Kireno, nomino iende na kitangulizi chake (o au a) kila mara. Usiweke "saco" tupu, weka "o saco". Kireno kina jinsia, na mwisho wa neno unadanganya: o problema linaisha na a lakini ni la kiume, a mão (mkono) linaisha na o lakini ni la kike. Mtu akilimeza bila kitangulizi itabidi aje ajifunze upya.

Upande wa Kiswahili chunga maneno yenye maana zaidi ya moja. Ukiandika "mbuzi" peke yake mtumiaji wa Lindi anaweza kuwaza mnyama na mwingine akawaza kile cha kukunia nazi, na "paa" ndo usiseme, kuna mnyama, kuna paa la nyumba, na kuna kupaa. Weka kidokezo kifupi chini au picha. Usipoweka, mtu atajibu sahihi kichwani na apu itamwambia amekosa, na hakuna kinachomuudhi mtu kama hicho.

Vitenzi usiviweke kwenye hali ya "kuwa, kwenda, kutaka" peke yake. Mwanzoni mpe umbo analolitumia mdomoni: quero, tenho, preciso (nahitaji), posso (naweza), vou (naenda). "Posso passar?" (naweza kupita?) inamvusha mtu getini leo, wakati jedwali zima la kitenzi "poder" (kuweza) litamfanya afunge simu alale.

Sentensi moja tu ya mfano, fupi, yenye maneno ambayo ameshayaona. Ukikosa sentensi kuna mkusanyiko wa wazi unaitwa Tatoeba, sentensi zake nyingi zina leseni inayokuruhusu kutumia ilimradi uwataje walioandika, ila chuja kwasababu watu wa kila aina wameandika humo. Sauti ni lazima. Picha sio lazima: ndoo chora, "labda" utaichoraje?

Hii habari ya kurudia maneno kwa kuachanisha siku ni nini hasa?

Hii ndo injini yenyewe, mengine yote ni bodi na rangi.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, akajipima baada ya dakika, masaa, siku, mpaka mwezi, akaona kusahau kunakwenda kasi sana mwanzoni halafu kunapunguza mwendo. Na akaona kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunashinda kurudia mfululizo. Sasa apu inachofanya ni kukuletea neno pale unapokaribia kulisahau. Ni kama mtu unayemdai: ukimgongea kila saa anakuzoea, ukimwacha mwaka anakukana, kuna siku yake ya kumpata.

Kingine kinachoenda na hicho ni kwamba apu imwulize mtu, isimwonyeshe tu. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 walipima wanafunzi, wengine wakasoma tena na tena, wengine wakasoma halafu wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki waliojipima ndo walikumbuka zaidi. Ndo maana apu ambayo mtu anapitisha kadi tu kwa kidole, neno na maana yake vyote vinaonekana, inampa raha ya kujua na wiki ijayo hana kitu.

Algoridhimu gani (kanuni ya kupanga neno lirudi lini) nitumie? Hesabu zangu sio nzuri.

Kama hesabu inakuogopesha tumia visanduku vya Leitner. Sebastian Leitner alivieleza kwenye kitabu chake cha 1972 na ilikuwa ni kadi za karatasi na maboksi, hakuna kompyuta. Neno jipya linaingia boksi la 1, ukipata linasogea boksi la 2, ukikosa linarudi la 1. Boksi la 1 linapitiwa kila siku, la 2 kila baada ya siku mbili, la 3 siku nne na kuendelea, wewe ndo unapanga. Kwenye programu ni safu mbili tu za databesi, namba ya boksi na tarehe ya kurudi.

Ukitaka kupanda ngazi kuna SM-2, ya Piotr Woźniak wa Poland, ya mwaka 1987, iko wazi na imeandikwa kwa kila lugha ya programu unayoijua. Mtumiaji anajipa alama 0 mpaka 5, chini ya 3 neno linaanza upya. Akipata vizuri, mara ya kwanza linarudi baada ya siku 1, halafu 6, halafu unazidisha kwa namba ya urahisi wa neno ambayo inaanzia 2.5. Kwahiyo neno linaloenda vizuri linakuja baada ya siku 1, 6, 15, 38, 95, 238. Hesabu mwenyewe, marudio sita na mwaka mzima umeshapita. Neno gumu namba yake inashuka ila haiendi chini ya 1.3.

Alama sita ni nyingi mno kwa mtu aliyesimama kwenye foleni. Weka batani tatu, "nimesahau", "nimepata kwa shida", "rahisi", nyuma ya pazia wewe uzigeuze kuwa namba. Kuna algoridhimu mpya zaidi kama FSRS ambayo Anki nao wanayo siku hizi, nzuri, lakini watumiaji wako 40 wa mwanzo hawatoona tofauti yoyote, tofauti watakayoiona ni kama sauti inasikika au haisikiki.

Mtu akipotea wiki mbili je? Akirudi anakuta kadi 400 zinamsubiri.

Akikuta 400 anafuta apu, hapo hakuna mjadala. Na huku kwetu watu watapotea tu, msimu wa korosho ukishika kasi kuanzia Oktoba nani ana muda wa kadi, mwezi wa Ramadhani ratiba zinahama, mtu anakwenda shamba Liwale simu haina hata pa kuchaji. Kwahiyo weka kikomo: mwonyeshe kadi 30 tu, anza na zile ambazo hazijachelewa sana maana hizo bado zinaokoleka, zilizobaki zisogeze taratibu siku zinazofuata bila kumwambia. Na maneno mapya simamisha mpaka deni lishuke. Usimwandikie "umechelewa kadi 400" kwa maandishi mekundu, anadaiwa vya kutosha huko nje.

Kwa siku za kawaida maneno mapya 5 mpaka 7 yanatosha. 20 yanaonekana machache, lakini kila neno jipya linazaa marudio, baada ya wiki kadhaa utakuta mtu ana kadi mia na kitu kila siku na hajui zimetoka wapi.

Kuna cha kuangalia kwenye tarehe na saa?

Vitatu, na vyote vinauma.

Cha kwanza, siku mpya isianze saa sita usiku. Mtu anayesoma kadi usiku wa manane bado kichwani mwake ni leo, Anki wao siku inageuka saa 10 alfajiri na ni busara kuiga. Cha pili, kuna simu nyingi mtaani zenye tarehe ya uongo, betri imekufa kabisa simu ikawaka 2015, au kijana ameisogeza tarehe mbele kwasababu ya gemu. Ukiona tarehe imerudi nyuma kuliko mara ya mwisho apu ilipofunguliwa usipange chochote, subiri. Cha tatu ni saa yetu ya Kiswahili. Ukimwuliza mtumiaji akumbushwe saa ngapi akaandika 2 akimaanisha saa mbili usiku, simu itamwamsha saa nane usiku. Andika "saa 2 usiku" kwa maneno kwenye menyu achague, wewe ndani uhifadhi 20:00. Na kadi za kufundisha saa nazo hivyohivyo, "sete horas" ni saa moja kwetu, weka picha ya saa ya mshale kuliko namba.

Jibu liwe la kuchagua au la kuandika?

Kuchagua ni rahisi na kunafaa siku ya kwanza, ila mtu anatambua tu, hajakumbuka. Mpakani hakuna mtu atakayemletea majibu manne. Kwahiyo baada ya neno kupatikana mara mbili geuza: mwonyeshe Kiswahili, aseme kwa sauti, kisha abonyeze aone jibu na ajipe alama mwenyewe. Watu wanaogopa kwamba mtumiaji atajidanganya, na kweli wapo, lakini kuchapa neno zima kwa dole gumba kwenye kioo kilichopasuka kutafukuza wengi zaidi. Kama ni kuandika mpe herufi zilizochanganywa azipange.

Majibu ya uongo kwenye maswali ya kuchagua yatoe kwenye maneno ambayo ameshajifunza. Neno moja alijualo na matatu ambayo hajawahi kuyaona, hapo anapata bila kufikiri.

Alama za juu ya herufi: ukiwa unapokea maandishi samehe alama nyingi, kiibodi za watu hazina. Lakini sio zote. Avó ni bibi na avô ni babu. Na muuza madafu wa huku lazima ajue kwamba coco ni nazi, ila cocó ukivuta mwisho ni kinyesi, hilo neno lipe kadi yake na sauti mbili zikifuatana, watu watacheka na hawatolisahau.

Sauti nitaipata wapi na haitajaza simu?

Sauti ya mashine ya simu yenyewe ni bure, ila kwenye simu nyingi utakuta Kireno cha Brazil na cha Ureno, cha Msumbiji hamna. Ukilazimika chukua cha Ureno, sarufi na maneno ya shule ya Msumbiji yanafuata huko zaidi. Kizuri zaidi ni kumtafuta Mmsumbiji anayeishi hapa, Mtwara mjini huwezi kukosa, mmoja wa kiume mmoja wa kike, mlipane, muandikishane kwa maandishi kwamba sauti itatumika kwenye apu. Rekodi chumbani penye godoro na makanga yaliyotundikwa, zima feni, funga dirisha la upande wa bahari. Kila neno mara mbili, la pili taratibu.

Ukubwa usikutishe. Faili la Opus (aina ya faili la sauti linalobana ukubwa) la sauti ya mtu kwa kilobiti 24 kwa sekunde, neno la sekunde mbili ni kilobaiti 6 hivi. Maneno 1,000 ni megabaiti 6, picha moja ya simu ya kisasa inaweza kuzidi hiyo. Ukiacha kwenye mp3 ya kilobiti 128 hayohayo yanakuwa megabaiti 32. Android inasoma Opus toka toleo la 5.0 kwahiyo hata Tecno ya zamani haitokataa.

Brazil, Ureno, Msumbiji, si Kireno hichohicho?

Wanaelewana, ila basi la abiria Brazil ni ônibus, Ureno na Msumbiji ni autocarro, na daladala ya Maputo wanaita chapa. Chai ya asubuhi Brazil wanasema café da manhã, Ureno pequeno-almoço, Msumbiji utasikia matabicho. Khanga na kitenge ni capulana. Shamba wanaita machamba, hilo utalitambua mwenyewe. Mtu wako anavuka Ruvuma, haendi Rio, kwahiyo la Msumbiji liwe la kwanza na mengine yawe maelezo madogo chini ya kadi.

Si niiambie akili mnemba initengenezee maneno yote na sentensi kwa dakika tano?

Itakutengenezea, na itakuletea Kireno cha Brazil kwa kujiamini kabisa. Itumie kupata rasimu, halafu mpelekee yuleyule mwenye sauti asome kila kadi akate. Kadi 300 ni kazi ya mchana mmoja na soda.

Lazima ifanye kazi bila intaneti?

Ndio. Kila kitu. Maneno, sauti, ratiba, vyote vikae kwenye simu ndani ya databesi ya SQLite, intaneti iwe ya kuchukua maneno mapya na kuweka bakapu tu, mtu akitaka.

Koda wengi (waandishi wa programu) wa huku wanatumia Flutter, chombo cha kutengenezea apu, kwasababu ukiandika mara moja unapata Android na iPhone, sawa tu, Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android, nayo sawa na apu inakuwa nyepesi zaidi. Kikubwa ni hiki: maneno yakae jedwali lake na maendeleo ya mtumiaji jedwali lake, yaunganishwe kwa namba ya kadi isiyobadilika milele. Utarekebisha sentensi, utabadili sauti, utafuta neno, na siku ukitoa toleo jipya mtu asikute kumbukumbu yake ya miezi sita imerudi sifuri. Pia ruhusu bakapu kama faili moja dogo analoweza kujitumia WhatsApp, simu huku zinapotea, zinazama kwenye maji, zinauzwa.

Apu yote ikae chini ya megabaiti 20 kama unaweza. Watu watarushiana kwa Bluetooth au Xender, hiyo ni sifa, usiizuie.

Muonekano?

Nenda nayo feri ya Msangamkuu saa saba mchana, inyanyue juani. Kama husomi, futa. Kijivu juu ya nyeupe kinapendeza ofisini tu. Herufi kubwa, batani chini ambapo dole gumba linafika, mkono mwingine una mzigo. Kijani na nyekundu pekee visibebe maana kwasababu kuna watu hawazitofautishi, ongeza alama ya vema na mkasi.

Pointi, ligi, moto wa siku mfululizo?

Hesabu ya siku mfululizo inavuta watu kweli, ila inapokatika wengi wanaondoka moja kwa moja. Mimi ningehesabu maneno anayoyajua, hayo hayakatiki akiugua siku tatu. Notifikesheni moja kwa siku inatosha na iwe na neno lenyewe ndani yake, asome hata bila kufungua. Ligi za kushindana na watu asiowajua waachie wengine.

Inaweza kuingiza hela?

Kidogo, na sio mapema. Matangazo yanakula bando, na mtu wa bando la siku analiona hilo haraka. Kuuza vifurushi vya maneno, mfano cha madereva wa malori au cha wauza samaki, kwa bei ya vocha ndogo, kunaeleweka na watu. Watu wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, lakini Google wana masharti yao kuhusu kuuza vitu vya kidijitali ndani ya apu iliyoko Play Store, yasome kabla hujaunganisha. Njia nyingine ni kuiuzia taasisi, kampuni ya usafirishaji inayopeleka madereva Msumbiji inaweza kulipia madereva wote kwa pamoja.

Nikikusanya majina na namba za simu za watumiaji kuna shida?

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Jiulize unazitaka za nini. Apu ya maneno haihitaji jina, namba wala mahali mtu alipo. Usipozichukua huna cha kuzilinda.

Nitajuaje kama inafanya kazi?

Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukuonyesha matatizo mengi ya muonekano. Tafuta watano, wasiwe wanachuo wenzako wa kompyuta. Wape simu, waambie "jifunze maneno matano", halafu nyamaza. Hapo kunyamaza ndo kazi, kidole kitakuwasha kumwelekeza. Akibonyeza pasipobonyezeka, apu ndo ina kosa.

Hiyo ni muonekano. Kujifunza kunapimwa baadae: baada ya mwezi chagua maneno 20 kati ya aliyoyapitia, muulize ana kwa ana bila simu. Namba ya waliodaunilodi haikuambii kitu hapa.

Sijui koding kabisa, nifanyeje?

Tengeneza kadi za karatasi na maboksi ya viatu matano, mpe mtu mmoja atumie mwezi mzima. Utajua maneno gani hayafai kabla hujamlipa koda hata shilingi.

Play Store wananisumbua, akaunti mpya hairuhusu kuitoa.

Usajili ni dola 25 mara moja tu. Akaunti binafsi zilizofunguliwa toka Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kuwa na wajaribuji 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuomba kuitoa kwa umma. Kwahiyo waandae wajaribuji wako wakati bado unarekodi sauti, na chukua 18 au 20 kwasababu kuna atakayebadili simu katikati.

Na iPhone?

Apple ni dola 99 kila mwaka, na utahitaji kompyuta ya Mac au ukodishe ya mtandaoni. Simama Chikongola sokoni uhesabu iPhone zinazopita, halafu uamue.